Faini ya mzee haisamehewi

Kikundi chetu cha wastaafu kina katiba ya kurasa sita, na mbili kati ya hizo ni za faini. Kuchelewa mkutano, shilingi 1,000. Kutofika bila taarifa, 2,000. Simu kuita katikati ya kikao, 500. Kumkatiza mwenzako anapozungumza, 500 pia, ingawa hii imetushinda kuitekeleza, maana tungeshajenga ghorofa. Kutofika msibani bila sababu ya ugonjwa ni 5,000, na hiyo haina mjadala.

Siku moja kijana wa ustawi wa jamii alikuja kututembelea, akapewa katiba aisome. Akauliza, kwa adabu zote, kama watu wa miaka sabini kwenda themanini hawastahili kuhurumiwa kidogo. Mwenyekiti wetu, mstaafu wa reli, akamvulia miwani. "Huruma tunayo, mwanangu. Iko ukurasa wa tano. Hapo upo wa pili."

Mimi ndiye katibu. Nimefundisha shule ya msingi maisha yangu yote ya kazi, na hapa mtaani hata wanaonizidi umri wananiita Mwalimu. Tunaishi Malimbe, kusini mwa jiji la Mwanza, ukishapita stendi ya Nyegezi ukaiacha barabara ya Shinyanga na kukunja kuelekea ziwani. Hakuna aliyetupanga hapa. Viwanja vilikuwa vya bei nafuu kwa sababu ya mawe. Ukitaka kuchimba msingi ulianza kwa kuchoma matairi juu ya mwamba ili upasuke. Walionunua walikuwa watumishi wenye mishahara ya kubahatisha: walimu, wauguzi, watu wa reli, mafundi wa meli, mama mmoja aliyesimamia mashine za kusokota nyuzi pale Mwatex, kiwanda cha nguo. Kisha mwaka 1998 taasisi ya mafunzo ya Nyegezi ikawa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, wanafunzi wakafurika, na kila mwenye uwanja akaongeza vyumba vya kupangisha nyuma ya nyumba. Vyumba hivyo ndivyo vilivyotubakisha hapa. Mstaafu mwenye wapangaji sita harudi kijijini kwao hata ukimsukuma.

Kwa hiyo bila kukusudia tumekuwa kijiji cha wastaafu, chenye vijana wa chuo ndani yake.

Mpwa wangu anayeishi Marekani aliniambia kule vijiji vya namna hiyo vinajengwa kwa makusudi. Alinitajia Sun City, huko Arizona, iliyofunguliwa tarehe 1 Januari 1960 na mjenzi aitwaye Del Webb: nyumba za chini zinazofanana, viwanja vya gofu, mabwawa ya kuogelea, vyumba vya ufinyanzi na useremala, na sharti kwamba kila nyumba iwe na mtu wa miaka 55 au zaidi. Watoto wanakuja kutembelea tu, hawahamii. Nilipowasimulia wenzangu walisikiliza kwa makini mpaka nilipofika kwenye watoto. Bibi mmoja akauliza, "Sasa simu zao anawawekea nani vocha?" Baada ya hapo hakuna aliyetaka habari za gofu.

Lakini kuna jambo moja la hao wa Arizona nililipenda. Mpwa wangu anasema kule watu wana vilabu vingi, na kila klabu ina mwenyekiti, kanuni, na mtu wa kununa. Wana fedha kuliko sisi, wana viti vya kuegemea, na bado wametafuta mahali pa kubishania kanuni. Nilipolisikia hilo nikajua tuko ukoo mmoja.

Maana huku kwetu mtu akistaafu kila mmoja anataka kumpumzisha. Watoto wanamwambia, mama kaa. Kanisani anapewa kiti cha mbele na hapangiwi zamu ya usafi. Kwenye kikao cha ukoo anasalimiwa wa kwanza na kuulizwa wa mwisho, wakati uamuzi umeshapita. Heshima ni ya kweli, sikatai, ila ndani yake kuna kumtoa mtu kwenye hesabu. Mtu ambaye akichelewa hakuna kinachoharibika, ujue hasubiriwi. Ndiyo maana mimi na mwenyekiti tunasema, kumsamehe mstaafu faini ni kumstaafisha mara ya pili.

Mkutano ni Alhamisi saa nne asubuhi, chini ya mwarobaini wa mwenyekiti. Ajenda ni zilezile za serikalini, kufungua, kusoma muhtasari, yatokanayo, taarifa ya mweka hazina, mengineyo, na ndani ya mengineyo ndimo maisha yote yanamoingia: nani anaumwa, nani amepata mjukuu, mpangaji gani ametoroka na kodi ya miezi mitatu. Ada ni 5,000 kwa mwezi. Fedha ya mfuko inakopeshwa kwa riba ndogo, na imenunua viti vya plastiki, turubai mbili na masufuria makubwa ambayo mtaa mzima unayakodi kwa harusi na misiba. Msiba ukiwa wa mwanachama, vyombo vinakwenda bure na sisi tunakwenda navyo. Kwa jina rasmi sisi ni kikundi cha kusaidiana. Ukweli ni chama cha kuzikana kilichogundua kwamba kati ya maziko na maziko kuna nafasi kubwa ya kufanya mambo mengine.

Hayo mengine ni mengi. Jumatatu na Ijumaa asubuhi tunatembea mpaka ufukweni Luchelele kwa ajili ya presha na sukari, magonjwa ambayo karibu kila mmoja wetu ana moja, na wenye bahati wana yote mawili. Usiku ukiwa wa giza, wavuvi wa dagaa wamekesha na taa zao huko majini, na asubuhi tunakuta akina mama wameshaanza kuwaanika. Kukiwa na mbalamwezi mitumbwi imelala, hakuna cha kununua, na matembezi yanakuwa mafupi sana. Yupo mzee wetu mmoja aliyevua miaka mingi kabla miguu haijamgomea. Anaokota dagaa mmoja, anamvunja katikati, anamnusa, kisha anampa muuzaji bei. Hata siku moja sijaona akibishiwa.

Jioni ni bao la isolo kibarazani, na hapo ndipo uzee unapoisha kabisa. Fundi wa meli na mzee wa reli walianza kazi enzi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, wote wakashuhudia inavunjika mwaka 1977, na kila mmoja anaamini mwenzake alipata mgawo mzuri zaidi mali zilipogawanywa. Mabishano hayo yanarudi kila kete inapoliwa. Nimeshawahi kumsikia mzee wa miaka sabini na kitu akimwambia mwenzake, "Hata kule karakana mlikuwa mnaiba hivihivi."

Suala la fedha halijakaa sawa kati yetu, na siwezi kulipaka rangi. Watumishi wa umma tuna pensheni ya kila mwezi kutoka mfuko ule uliozaliwa mwaka 2018 mifuko minne ilipounganishwa. Waliostaafu karibuni wamekumbana na kikokotoo kipya cha mafao kilichoanza Julai 2022, mkupuo wa asilimia 33 na iliyobaki kidogo kidogo kila mwezi. Baadaye bajeti ya 2024 ikaupandisha kuwa 40 kwa wale ambao zamani mifuko yao iliwapa nusu, na 35 kwa waliokuwa wakipata robo. Wanalalamika, na wana haki ya kulalamika, lakini wanalalamika mbele ya mvuvi na mama lishe ambao kikokotoo chao ni sifuri. Hao hawana hata bima. Mimi na mume wangu tunaendelea kutibiwa kwa kadi niliyoichangia nikiwa kazini. Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta anatafuta fedha ya vipimo. Hospitali za serikali zina dirisha la wazee na kibao kimeandikwa kabisa, ila dirisha linakupunguzia foleni tu. Dawa isipokuwepo, hata kwa wazee haipo.

Sasa katika hali hiyo, faini ya 1,000 kwa mwenye pensheni ni mchezo, kwa mwingine ni mboga ya siku, nazo ni siku za kununua mapanki, mifupa ya sangara aliyekwisha kutolewa minofu, siyo sato. Tulibishana mwezi mzima. Mweka hazina akapendekeza wasio na pensheni wasitozwe. Aliyepinga kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa mjane mmoja ambaye ndiye hasa alikuwa akitetewa. Alisimama, akafunga khanga vizuri kiunoni. "Mimi nimechelewa kwa miguu yangu. Naomba nilipe kwa mikono yangu." Tangu hapo katiba inaruhusu faini kulipwa kwa kitu. Yeye hulipa kwa michembe, viazi vitamu anavyovimenya na kuvianika mwenyewe juu ya mwamba nyuma ya nyumba. Mweka hazina anavipima kwa kikombe, anaandika kwenye daftari, tunavipika na kuvila na karanga mkutano unaofuata. Tuna mashaka kwamba wengine wanamuombea achelewe.

Mama huyu hakuzaliwa hapa. Mwanawe alimleta kutoka kijiji kimoja cha ndani huko Usukumani baada ya mume kufariki. Macho yake ni mekundu. Anayetoka maeneo ambako miti imekwisha, ambako mwanamke amepikia kinyesi cha ng'ombe na mabua miaka hamsini ndani ya jiko lisilo na dirisha, anajua wekundu huo ni wa moshi. Lakini kwa miaka mingi Kanda ya Ziwa imeua bibi zake kwa sababu ya macho hayo. Ng'ombe amekufa, mtoto amekufa, mganga ametaja bibi mwenye macho mekundu anayeishi peke yake mwisho wa kijiji, na usiku watu wanakwenda na mapanga. Mara nyingi nyuma ya uchawi kulikuwa na shamba ambalo mtu alilitaka. Yeye hasemi mengi kuhusu kilichomtoa kwao. Ninachojua ni kwamba mwanzoni hakutaka kukaa na watu nyuma ya mgongo wake, alichagua kiti cha kuegemea mwarobaini. Siku hizi anakaa popote.

Anayetaka kuua bibi anatafuta ambaye hakuna atakayeuliza yuko wapi, na faini yetu kazi yake ndiyo hiyo, kuuliza. Kanuni ni kwamba asiyefika anafuatwa nyumbani siku hiyohiyo, kabla ya saa kumi, akadaiwe. Mweka hazina anakwenda na daftari lake kwapani na mwanachama mmoja wa kushuhudia. Mara nyingi anakuta mtu kasahau siku, wanacheka, anaandika. Lakini kuna Alhamisi alibisha hodi kwa mzee mmoja, mstaafu wa hospitali anayeishi peke yake, hodi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Akaita wapangaji, vijana wakaruka ukuta. Mzee alikuwa bafuni chini, amevunjika nyonga, yuko hapo tangu alfajiri. Wapangaji walikuwa wamepita mlangoni kwake asubuhi nzima kwenda vipindini; wangejuaje? Bugando walimpasua, sasa anatembelea fimbo. Alipopata nafuu alidai afutiwe 2,000 yake kwa sababu kifungu kinasema "bila sababu ya ugonjwa". Tulisoma kifungu. Maneno ya ugonjwa yapo kwenye msiba tu, kwenye mkutano hayapo. Alilipa, akaleta hoja ya kurekebisha katiba, ikapita.

Vijana wa chuo nao wameingizwa humu kwa mlango wa nyuma. Siku hizi uhakiki wa wastaafu, ule wa kuthibitisha kila mwaka kwamba bado uko hai, unafanyika kwa simu. Zamani tulipanga foleni. Sasa unapanga uso mbele ya kamera, na simu inaukataa. Ukitaka kuona watu wenye uchungu na serikali, njoo siku ya uhakiki kwa mwenyekiti. Mwanafunzi mmoja wa uhasibu anawashikia simu, anawaambia, "Babu inua kidevu, bibi toa miwani," mpaka wote wanatambuliwa kuwa hai. Mwaka jana tulimpa kuku. Mwaka huu kaja na ankara.

Safari ni mbili kwa mwaka. Ya kwanza ni Bujora, Kisesa, barabara ya Musoma, mwezi wa Juni wakati wa Bulabo, tamasha la ngoma la Wasukuma. Makumbusho yale yalianzishwa na padri Mkanada, David Clement, na ukiingia unaliona lile jengo la umbo la kiti cha watemi lenye ngoma za kitemi ndani. Lakini wazee hawaendi kwa ajili ya jengo. Wanaenda kwa ajili ya Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma vinavyoshindana tangu karne ya 19, kila kimoja na waganga wake na dawa zake. Mshindi ni yule anayevuta watu wengi. Wachezaji wanatoka na chatu, wanapanda juu ya vitu, wanafanya kila kituko ili umati uhame upande wa pili. Kikundi chetu kinagawanyika palepale getini. Mume na mke wanaachana mpaka jioni. Mzee wa reli ni Mgika wa damu. Mama wa Mwatex ni Mgalu, na amewahi kumvuta kijana asiyemjua kabisa mkono ili kuongeza idadi upande wake.

Safari iliyopita mtoa maelezo alikuwa akitueleza habari za kazi za pamoja za vijana wa zamani, chini ya nsumba ntale, kiongozi wao. Mjane wetu wa michembe akamkatiza (500, hakutozwa). Akasema kwao aliyekosa kwenda kulima na wenzake bila sababu alitozwa, na asipolipa hakuna aliyekwenda kulima kwake. Mwenyekiti akanigeukia na tabasamu la ushindi, kana kwamba katiba yetu imetoka kupigwa muhuri na mababu.

Safari ya pili ni Makazi ya Wazee Bukumbi, wilayani Misungwi, Oktoba, karibu na Siku ya Wazee Duniani. Tunapeleka sabuni, sukari, mafuta ya kupikia na khanga. Miaka ya mwanzo tulikwenda kama wageni rasmi: hotuba, picha, kukabidhi, kwaheri. Mimi nilikuwa nikirudi na uzito ambao sikuuelewa. Kisha kuna mwaka basi letu liliharibika Usagara, tukafika saa sita badala ya saa nne. Mzee mmoja wa pale alikuwa amekaa mlangoni na ubao wake wa bao magotini. Hakuitikia salamu. "Mlisema saa nne."

Mwenyekiti akaanza kueleza habari za basi, na yule mzee akamsikiliza hadi mwisho. "Nyie si mnatozana? Nimesikia. Basi tozeni na hili." Mweka hazina akatazama daftari, akatutazama sisi, akafungua pochi. Noti tukamkabidhi mzee, naye akampa mwenzake ambaye papo hapo aliteuliwa kuwa mweka hazina wa upande wao. Halafu akatufunga kwenye bao, wote tuliothubutu, mmoja baada ya mwingine. Tangu mwaka ule Bukumbi hatutoi hotuba. Tunakwenda na ubao wetu, na saa nne tumeshafika.

Tarehe 21 Mei hatupangi kitu chochote. Fundi wa meli na wengine wachache wanakwenda Igoma, kwenye makaburi ya waliozama na meli ya MV Bukoba mwaka 1996, na siku hiyo hakuna anayetaniwa.

Kilichotuchosha akili mwaka huu ni habari ya mama wa Mwatex. Alipata kiharusi mwezi wa pili, upande wa kulia ukalala, maneno yakawa mazito. Watoto wake wakaja kwa mwenyekiti na barua nzuri sana, iliyochapwa, wakiomba mama yao apumzishwe uanachama kwa heshima na aendelee kukumbukwa kwa sala. Wajumbe kadhaa wakaona ni sawa. Mimi niliomba tukamuulize mwenyewe. Tulipomsomea barua ile aliichukua kwa mkono wa kushoto, akaikunja vipande vidogo, akavitia ndani ya kikombe cha chai.

Ikabidi mkutano uhamie kwake. Kila Alhamisi vijana wanabeba viti mpaka uani pake, ukuta una kivuli kizuri na choo kiko karibu, wazee wa kibofu wamefurahi. Ada analipa. Mazoezi ya mkono anafanya kwa kuhesabu kete za bao, na akikosea anaanza upya huku ametukasirikia sisi.

Sasa Alhamisi ya kwanza uani kwake saa nne ilifika, sote tumeshakaa, mwenyekiti ameshafungua kikao, na mwenye nyumba bado yuko ndani anavalishwa. Alitoka saa nne na dakika kumi, ameshikwa huku na huku, ana kilemba kipya. Mweka hazina aliangalia saa yake, akaangalia chini, akaandika: kuchelewa, 1,000.

Mama hajalipa. Kwa maneno yake mazito, moja moja, anadai mwenyeji hachelewi kwake, sisi ndio tuliowahi. Tumeipekua katiba yote: hakuna kifungu kinachosema hivyo, wala kinachosema vinginevyo. Nimeliweka kwenye ajenda ya Alhamisi ijayo chini ya mengineyo, na nasikia ameshaanza kuzunguka akitafuta kura.